Damu ya Mshukiwa Ni Dhima ya Nani?

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, Mwingi wa hikima na uadilifu. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo, katika darsa zetu hapa Muhoroni swali hili limerejea mara nyingi: mtu akishukiwa wizi, umati ukamzunguka na kumpiga mpaka akafa, dhambi ni ya nani? Wako wasemao kwamba damu ya mwizi haina mwenyewe, na kwamba lililotendwa na wengi halina mtu wa kuulizwa. Kauli zote mbili ni batili katika dini, na ni batili katika sheria za nchi.

Kwanza yatupasa tujue jinai ni kitu gani. Si kila hasara ni jinai. Yatakiwa pawe na tendo lililokatazwa, pawe na nia, na mtendaji awe ni mtu wa kuulizwa kwa matendo yake. Tuchukue mfano wa moto wa miwa, tunaoujua sote. Shamba limeteketea. Ikiwa jirani alilitia moto kwa kusudi, huyo ni mhalifu, na Kanuni ya Adhabu ya Kenya yaweza kumfunga hata miaka 14. Ikiwa alikuwa akichoma takataka zake, upepo ukaurusha moto ng'ambo, hakukusudia kuchoma cha mwenziwe; lakini akiwa amezembea, atadaiwa fidia. Ikiwa ni mtoto wa miaka 7 aliyechezea kiberiti, yeye si mhalifu: Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 haimhesabii jinai mtoto aliye chini ya miaka 12. Na ikiwa ni mtu aliyepotewa na akili, asiyejua alitendalo, huyo naye hachukuliwi kama mwenye akili zake. Moto ni mmoja, na majivu ni yale yale, lakini hukumu ni mbalimbali.

Haya si mageni kwetu. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kwamba amali hupimwa kwa nia, na kwamba kalamu imeondoshwa kwa mtoto mpaka abaleghe, kwa mwendawazimu mpaka apate akili, na kwa aliyelala mpaka aamke. Na Qur'ani katika Suratun Nisaa, aya ya 92 na 93, imepambanua baina ya mwenye kuua kwa kukosea na mwenye kuua kwa kusudi.

Basi tuuangalie umati. Ni nani katika wao aliyeyapima mambo haya? Nani aliyeuliza kama yule kijana aliiba kweli, au amefanana tu na mwizi? Sheria yetu yataka mwenye kudai alete ushahidi. Nayo Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 50, yamhesabu kila mshtakiwa kuwa hana hatia mpaka ithibitishwe kinyume chake. Tena hata akiwa ameiba kweli, wizi wa kawaida adhabu yake mahakamani ni kifungo kisichozidi miaka 3. Umati humhukumu kufa kwa sababu ya simu au kuku! Khalifa Umar (R.A.), mwaka wa njaa kuu, alisimamisha adhabu ya kukata mkono kwa kuwa watu walisukumwa na dhiki. Hiyo ndiyo hadhari ya mwenye madaraka. Na wanavyuoni wetu wamesema wazi kwamba adhabu hutimizwa na mwenye mamlaka, si na kila apitaye njiani.

Ama kusema kwamba wengi hawaulizwi, ni kujidanganya. Kanuni ya Adhabu yasema kwamba watu wakiungana kwa kusudi moja la uhalifu, kila mmoja huhesabiwa kuwa amelitenda lililotokea, ikiwa ni jambo la kutazamiwa kutokana na kusudi lile. Aliyerusha jiwe, aliyeleta petroli, na aliyepiga kelele za kuchochea, wote wana sehemu yao. Na imepokewa kwamba Umar aliwaua watu kadhaa kwa kisasi cha mtu mmoja waliyemuua kwa hila. Damu haigawanyiki ikawa nyepesi kwa kuwa mikono ni mingi.

Na kama vile wingi haumwokoi mwenye hatia, ndivyo ukabila usivyomtia hatia asiyetenda. Sisi twakaa karibu na mipaka ya Nandi na Kericho. Ng'ombe akiibwa, husikika wakitajwa “wale,” kana kwamba kabila zima liliingia zizini. Serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya adhabu ya jumla mwaka 1909, ikawatoza faini watu wa mahali pazima kwa kosa la wachache, nasi twaiita dhuluma. Mwaka 2007 na 2008 tuliona nyumba za wasio na kosa zikichomwa kwa jina la kabila lao. Suratul An'am, aya ya 164, yatufunza kwamba hapana nafsi itakayobebeshwa mzigo wa nyingine.

Mtasema: polisi hula rushwa, na mwizi hurudi kesho yake. Twajua kwamba yapo hayo. Lakini dhuluma ya hakimu haimfanyi mpita njia kuwa hakimu. Sheria yamruhusu raia kumkamata amwonaye akitenda kosa kubwa, kisha amkabidhi kwa polisi bila kukawia. Tena kesi nyingi huanguka kwa kuwa waliotayari kupiga hawako tayari kushuhudia. Kuficha ushahidi ni dhambi iliyotajwa katika Suratul Baqara, aya ya 283. Mwenye uchungu wa kweli na afike mahakamani Tamu, aseme aliloliona kwa macho yake.

Basi, ndugu zetu, msikiapo ukelele wa mwizi, tokeni mkazuie mikono, na wazee wawatangulie vijana. Na asiyeweza kuzuia, na awaite wenye madaraka, wala asiongeze hata neno moja la kuchochea.

Mwenyezi Mungu atukinge na damu ya haramu, na atujaalie kuwa mashahidi wa haki. Amin.