Nyumba ya Ua Wako au Nyumba ya Ukuta wa Shirika?

Ndugu msomaji, mtu anapotaka kununua makao huanza kwa hesabu. Huuliza bei ni kiasi gani, vyumba ni vingapi, na kazini ni mbali au karibu. Hesabu hiyo ni ya lazima, wala hakuna mwenye akili atakayeidharau. Lakini nyuma yake limesimama swali jingine ambalo si la fedha bali ni la maadili, nalo ni hili: Je, anunuaye nyumba hununua haki peke yake, au hununua na wajibu pia? Na kama hununua wajibu, ni wajibu gani, na kwa nani?

Swali hili hudhihirika vizuri tukiitazama nchi ya Marekani, ambako familia inayotafuta makao mara nyingi huwekewa njia mbili mbele yake. Njia ya kwanza ni nyumba ya pekee, iliyosimama juu ya kiwanja chake, yenye ua wake na paa lake. Ya pili ni fleti ya kumiliki katika jengo la watu wengi. Humo kila mtu humiliki vyumba vyake, na wote kwa shirika humiliki msingi, kuta za nje, paa, ngazi, lifti na mabomba. Mtindo huu wa pili si wa zamani sana katika sheria za huko. Uliwekwa katika kisiwa cha Puerto Rico mwaka 1958 na katika jimbo la Utah mwaka 1960, kisha ukaenea upesi katika majimbo mengine. Nasi wa Afrika ya Mashariki tumekwisha kuupokea. Uganda ilitunga sheria yake mwaka 2001, Tanzania mwaka 2008, na Kenya, ambayo ilikuwa na sheria ya namna hiyo tangu mwaka 1987, ilitunga mpya mwaka 2020. Kwa hiyo yanayowapata wenye nyumba wa Marekani yafaa kuzingatiwa na mnunuzi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kampala.

Hoja ya apendaye nyumba ya pekee

Mtu huyu husema: "Nataka kilicho changu kiwe changu. Nikitaka kuongeza chumba kwa ajili ya mama yangu mzee, nisiombe ruhusa ya kikao. Nikipata wageni kumi, asitokee mtu wa kunihesabia vichwa. Nikitaka kupanda mchungwa, niupande." Hoja hii ina uzito, hasa kwetu sisi ambao nyumba kwetu ni ya baba, mama, watoto, shangazi na mpwa aliyekuja kusoma. Kanuni za majengo ya shirika mara nyingi huweka mipaka ya wakazi, kelele na hata kupangisha, na asiyezisoma kabla ya kutia sahihi hujuta baadaye.

Lakini hoja hii ikivutwa kupita kiasi hugeuka kuwa udanganyifu. Mtu huanza kudhani kwamba ua umemkata na watu. La hasha! Maji ya mvua yanayoshuka katika paa lake humwendea jirani. Moto ukizuka jikoni mwake hausimami kwenye ua kuomba ruhusa. Taka anazozitupa nyuma ya nyumba huzaa mbu wasiojua mpaka wa kiwanja. Ua huonyesha pale umiliki unapokoma, ila wajibu hupita juu yake.

Isitoshe, historia inatufundisha kwamba ua waweza kufanywa silaha. Kuanzia mwaka 1947 kampuni ya Levitt ilijenga katika kisiwa cha Long Island, karibu na New York, mji wa Levittown wenye nyumba za pekee zaidi ya 17,000, kwa bei ambayo mfanyakazi wa kawaida na askari aliyerudi vitani aliweza kuimudu. Lilikuwa jambo la kusifiwa. Lakini mikataba ya mwanzo ilikataza mtu asiyekuwa mzungu kukaa katika nyumba hizo. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba mahakama haziwezi kuyatekeleza makatazo ya namna hiyo, na hata hivyo kampuni iliendelea kuwakatalia watu weusi. Mwaka 1957, William na Daisy Myers, mume na mke weusi, walinunua nyumba katika Levittown nyingine iliyojengwa Pennsylvania, kutoka kwa mwenyewe aliyekuwa akiikaa. Makundi ya watu yalikusanyika mbele ya nyumba yao usiku baada ya usiku, na mawe yakavunja madirisha. Walikuwako pia majirani wachache waliosimama upande wao. Basi fikiri, ndugu msomaji: familia ile ilikuwa na ua wake, paa lake na hati yake. Je, vitu hivyo viliwapa amani? Amani ya nyumba hutokana na ujirani, na ujirani hauandikwi katika hati ya kiwanja.

Hoja ya apendaye fleti

Wa pili husema: "Mimi sitaki taabu. Nitalipa ada yangu kila mwezi, na paa likivuja watalishughulikia." Hoja hii nayo si ya kudharauliwa. Mzee asiyeweza kupanda ngazi, mjane anayeogopa kukaa peke yake, na kijana mwenye kipato kidogo hupata katika jengo la shirika nafuu ambayo wasingeipata peke yao. Mzigo ulio mzito kwa mmoja huwa mwepesi kwa mia.

Lakini hebu tuulize: hao "watakaolishughulikia" ni nani? Katika jengo la kupanga ni mwenye nyumba. Katika jengo la shirika hakuna mwenye nyumba zaidi ya wamiliki wenyewe. Anayesema "watafanya" anajisema mwenyewe, naye hajui. Hapo ndipo ilipo hatari ya njia hii ya pili. Mwenye nyumba ya pekee hujaribiwa kuwasahau wengine, na mwenye fleti hujaribiwa kuwaachia wengine.

Mfano wa kuhuzunisha ulitokea katika mji wa Surfside, jimbo la Florida. Hapo palikuwa na jengo la fleti lililoitwa Champlain Towers South, lenye orofa 12, lililojengwa mwaka 1981 kando ya bahari. Mwaka 2018 mhandisi aliyeajiriwa na wamiliki aliwaandikia kwamba zege la sakafu iliyo chini ya eneo la bwawa la kuogelea limeharibika vibaya kwa sababu maji hayakuwa yakizuiliwa ipasavyo. Makadirio ya matengenezo yalikuwa zaidi ya dola milioni 9. Miaka ikapita katika mabishano, na mwaka 2019 wajumbe walio wengi wa halmashauri ya wamiliki wakajiuzulu. Ilipofika Aprili 2021 gharama ilikuwa imepanda hata kufikia kiasi cha dola milioni 15, na kila fleti ikatakiwa kutoa makumi ya maelfu ya dola au zaidi. Kabla matengenezo yale makubwa ya zege hayajafanyika, usiku wa tarehe 24 Juni 2021, watu wakiwa wamelala, sehemu kubwa ya jengo iliporomoka. Walikufa watu 98.

Haifai kuwahukumu marehemu, na haki inatutaka tuseme kwamba kosa halikuwa la wamiliki peke yao. Wachunguzi wa serikali wamegundua kwamba tangu usanifu wa mwanzo sakafu ya eneo lile la bwawa haikuwa na nguvu iliyotakiwa na kanuni za wakati ule. Lakini funzo lingali pale pale. Wahenga wetu walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye nyumba ya pekee huuziba ufa siku anayotaka. Katika nyumba ya shirika, hapana budi kwanza watu mia wakubaliane kwamba ufa upo.

Je, ni haki kumlazimisha mjane?

Pengine msomaji atauliza: "Katika jengo kama lile yumo mjane anayeishi kwa pensheni ndogo. Leo anaambiwa alete dola laki moja kwa paa litakalodumu miaka thelathini, na huenda yeye hatafika hata miaka kumi. Je, huo ni uadilifu?" Swali hili ni la haki, wala lisijibiwe kwa haraka.

Tazama pande zote mbili. Mzee husema: "Nitakufa kabla ya paa." Kijana husema: "Nitauza kabla ya paa." Kila mmoja ana sababu yake, na sababu zote mbili zina mantiki. Lakini jengo likiachwa mikononi mwa mantiki hizi mbili, huwaangukia wote wawili. Hapa ndipo tunapoona kwamba dhuluma ilianza miaka mingi kabla mjane hajadaiwa laki ile. Ilianza pale waliomtangulia walipopiga kura kila mwaka wasiweke akiba ya matengenezo, ili ada iwe ndogo na fleti ziuzwe upesi. Walikaa chini ya paa, wakalitumia, wakaondoka bila kulilipia, na deni wakamwachia atakayekuja. Hiyo si hesabu ya uangalifu bali ni kula amana ya mtu ambaye hajafika. Florida yenyewe ilitambua jambo hilo. Sheria yake ya mwaka 2022 iliagiza majengo ya shirika yenye orofa 3 na zaidi yakaguliwe yanapofikia umri wa miaka 30, na ikawaondolea wamiliki uhuru wa zamani wa kupiga kura ya kuacha kuweka akiba kwa ajili ya sehemu zinazolishikilia jengo. Wengi waliona uchungu walipoletewa madai makubwa, na uchungu wao ni wa kweli. Lakini ni uchungu wa deni la zamani lililofika siku moja. Kumhurumia mjane kwa kweli ni kutoza kidogo tangu siku ya kwanza, na kumsaidia asiyeweza, kuliko kumwacha alale chini ya zege lililooza kwa jina la huruma.

Mtukufu Mtume s.a.w. alitoa mfano wa watu waliogawana chombo baharini, wengine juu na wengine chini. Wa chini, kwa kutotaka kuwaudhi wa juu kila wanapokwenda kuteka maji, wakafikiri kutoboa tundu katika sehemu yao. Wakiachiwa wataangamia wote, na wakizuiwa wataokoka wote. Tazama kwamba wale watu hawakuwa na nia mbaya. Walisema tu kwamba sehemu hii ni yetu.

Basi uchague ipi?

Ndugu msomaji, makala haya hayakuamrishi kununua nyumba wala fleti. Yanakuomba ujipime kabla ya kuipima nyumba. Ukiielekea fleti, usiangalie vigae na mandhari peke yake. Omba uonyeshwe kumbukumbu za mikutano ya wamiliki, kiasi cha akiba ya matengenezo na taarifa ya mhandisi. Ada iliyo ndogo mno isikufurahishe, bali uulize ni kazi gani haifanyiki. Kisha uiulize nafsi yako: Je, nitahudhuria mikutano? Nikishindwa kwa kura, nitalipa bila kununa? Nikiuona ufa, nitausema hata kama bei ya fleti yangu itashuka? Na siku ya kuuza, nitamwambia mnunuzi ukweli?

Ukiielekea nyumba ya pekee, uliza: Je, nina uwezo wa kuezeka upya paa hili bila mtu wa kuchangia nami? Maji yangu yanakwenda wapi? Akija jirani ambaye si wa kabila langu wala dini yangu, ua wangu utakuwa mpaka wa kiwanja au mpaka wa moyo?

Asiyeweza kuvumilia kikao na awahurumie wenzake, asinunue fleti. Asiyeweza kubeba mzigo peke yake na aihurumie familia yake, asinunue nyumba asiyoimudu. Ama anayetafuta makao yasiyo na wajibu wowote, huyo asitaabike kuchagua, kwa maana makao ya namna hiyo hayajajengwa Marekani wala kwetu. Njia zote mbili ni njema kwa aliyezijua gharama zake. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Uingiapo, tazama juu ulione paa, kisha uulize ni nani alilitengeneza mara ya mwisho, na ni zamu ya nani sasa.