Bakuli la Kaburini na Nyundo ya Dalali

Aprili 2014, mjini Hong Kong, kampuni ya Sotheby's ilinadi kikombe kidogo cha kauri kilichochorwa jogoo, tetea na vifaranga. Kilifinyangwa China katika nusu ya pili ya karne ya 15, zama za mfalme Chenghua wa ukoo wa Ming. Pamoja na ada ya mnada, bei ilifika dola za Hong Kong milioni 281. Aliyekinunua, tajiri Liu Yiqian wa Shanghai, alikitilia chai akanywa, na picha zilipoenea watu wakaja juu: mtu anapata wapi ujasiri wa kunywea mali kama ile?

Katika zama hizohizo kauri za China zilikuwa zikishushwa kwenye pwani yetu. Wajenzi wa makaburi ya mawe, kuanzia visiwa vya Wabajuni kusini ya Kismayo, Somalia, kupitia Ras Kiamboni na Mambrui, hadi Kunduchi karibu na Dar es Salaam, walizitwaa sahani na bakuli hizo wakazipachika kwenye kuta na nguzo za makaburi, chokaa ikiwa bado mbichi. Chokaa ilipokauka, bakuli liligeuka kuwa kiungo cha kaburi. Halikutumiwa tena kwa chakula, halikukopeshwa, halikugawiwa warithi. Leo makaburi mengi yamebaki na matundu ya duara tu, maana waliokuja baadaye na patasi waliona bakuli wasilione kaburi.

Waliolipachika bakuli hawakuwa wageni wa soko. Wabajuni wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula wameishi kwa kuuza: boriti za mikoko, papa mkavu, magamba ya ng'amba yaliyotafutwa mpaka Arabuni na India. Walijua vizuri bakuli la kauri lingewapatia nini bandarini. Basi kulifunga ndani ya chokaa kulikuwa uamuzi wa watu wanaojua bei. Walichagua kitu kimoja kizuri, walichotoa fedha kukipata, wakakiondoa mezani kwa dalali moja kwa moja.

Ningependa kuuliza walichofanya hasa ni nini, na kama sisi bado tunaweza kukifanya.

Tuanze kwa kuutendea mnada haki, kwa sababu ni rahisi kuutukana. Mnada si mgeni kwetu. Kila alfajiri, kwenye madiko ya pwani hii, samaki humwagwa chini, dalali akapaza sauti, wachuuzi na wakaanga samaki wakapandishiana, na kabla jua halijawa kali kila fungu lina mwenyewe. Wala dini haikuukataza. Imepokewa kwamba mtu wa Madina alikwenda kwa Mtume kuomba msaada, akaulizwa ana nini nyumbani. Alikuwa na nguo ya kutandika na bakuli la kunywea maji. Mtume akavinadi vitu hivyo mbele ya watu, mmoja akatoa dirhamu moja, mwingine akaongeza ya pili. Dirhamu moja ikanunua chakula cha familia, nyingine ikanunua shoka, na yule mtu akaenda kukata kuni. Kilichokatazwa ni ujanja wa kumtia mtu wa kupandisha bei huku hana nia ya kununua. Mnada ulio wazi una uadilifu wake: wote wanaona, wote wanasikia, na muuzaji hawezi kumnong'oneza mmoja bei aliyomficha mwingine.

Lakini samaki hana habari ya nyuma. Bei yake inajibu maswali ya leo: wameingia wengi au wachache, wana uzito gani, bahari ya kesho itakuwaje. Vitu vya kale, kazi za sanaa na kumbukumbu za watu mashuhuri havinadiwi hivyo. Tarehe 6 Septemba 2023 Sotheby's ya London ilianza kunadi mali za Freddie Mercury, mwanamuziki aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara. Kitana kidogo cha fedha cha kuchania masharubu, ambacho wataalamu walikikadiria pauni mia chache, kiliuzwa zaidi ya pauni 150,000. Mlango wa ua wa nyumba yake, ulioandikwandikwa na mashabiki, ulipita pauni 400,000. Kinanda chake kilifika pauni milioni 1.7.

Mnunuzi wa kitana kile hakununua fedha wala meno ya kuchania. Alinunua mgusano: kwamba kitu hiki kilikuwa mkononi mwa mtu yule. Hapo ndipo pana kitendawili. Kilichokipa kitana bei ni uhusiano wake na mtu mmoja, nyumba moja na maisha yaliyokuwa yakiendelea humo. Na uhusiano ndicho kitu pekee ambacho nyundo haiwezi kukihamisha. Siku kitana kilipotoka nyumbani kwa mwenyewe, kiliacha kuwa cha Mercury kwa namna kilivyokuwa. Kimekuwa kitu kilichowahi kuwa chake. Mnada wa kumbukumbu huuza harufu ya ua baada ya kulichuma, na mnunuzi hulipa bei ya shina.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa samaki ni kweli. Kwa vitu vya namna hii sidhani, kwa sababu hakuna kitu kinachojiuza kikiwa bado kina watu wake. Ili kinadiwe, sharti kwanza kiwe kitu kinachoweza kuondoka, na ili kiweze kuondoka, sharti wenye kukililia wawe wamekubali, wamekufa, au hawana sauti. Madalali wakubwa wa dunia hudai historia ya umiliki: nani alikuwa nacho, akakiuza lini, kwa nani. Karatasi hizo zina faida, zinazuia wizi mwingi. Ila mara nyingi huanzia kwa muuzaji wa kwanza. Yule aliyekuwa nacho bila kufikiria kukiuza haandikwi, maana hakuwahi kutoa risiti.

Ushahidi wa hili haupo mbali. Masimulizi ya Wamijikenda yanaitaja Shungwaya kuwa chimbuko lao, huko kaskazini kwenye pwani ya Wabajuni. Wazee wao walio katika chama cha Gohu wakifa husimikiwa kigango, nguzo ya mbao iliyochongwa, na nguzo hiyo haihamishwi. Watu wakihama mji, huiacha mahali pake. Kwa aliyesimika, kuachwa kule ni heshima. Kwa mfanyabiashara wa vinyago, ni kitu kilichotelekezwa porini. Kuanzia miaka ya 1970 vigango kwa mamia vilichukuliwa, vikauzwa Ulaya na Marekani kama sanaa ya Kiafrika, na baadhi ya wanunuzi wakavitoa zawadi kwa majumba ya makumbusho. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja akiwa na vigango vya nduguze. Muda mfupi baadaye viliibwa. Kimoja kikaja kuonekana katika chuo kikuu kimoja cha jimbo la Illinois, kingine Hampton, Virginia, na picha ile ndiyo iliyovitambulisha. Mwaka 2007 vilifika tena kijijini. Nayo makumbusho ya Denver, mwaka 2014, iliamua kurudisha vigango 30. Kwa vingi vya hivyo swali zito likawa: virudishwe wapi? Hakuna ajuaye ni vya boma gani.

Mauzo, basi, hufanya jambo ambalo kuuza kinyumenyume hakulitengui. Kiti ulichouza unaweza kukinunua tena kikawa chako kama zamani. Kigango kilichopoteza mahali pake hakirudi kuwa kigango hata kikivuka bahari mara mbili.

Sasa turudi kwenye chokaa. Kuna namna mbili za kusema kitu hakiuzwi. Ya kwanza ni kusema bei yake ni kubwa mno. Kauli hiyo bado imo ndani ya soko, na mwenye fedha akivumilia ataifikia. Mwaka 2022 kampuni ya Mercedes-Benz iliuza kwa mnada gari la mwaka 1955, 300 SLR, moja kati ya mawili tu yaliyotengenezwa kwa umbo lile, ambalo kwa miongo mingi ilikuwa haikubali kuliuza. Liliuzwa euro milioni 135, na hakuna gari lililowahi kufikia bei hiyo kabla yake. Tazama lakini namna lilivyouzwa: kampuni ilialika watu wachache iliowachagua, ikaweka sharti kwamba gari liendelee kuonyeshwa kwa umma katika nyakati maalumu, fedha ikazipeleka kwenye mfuko wa masomo ya vijana, na gari la pili ikabaki nalo. Huyo ni muuzaji aliyeweza kukataa, na kwa kuwa aliweza kukataa, alikubali kwa masharti yake.

Namna ya pili ni kulifunga swali lenyewe la bei. Hapa tuna wazo kongwe la wakfu. Sayyidna Umar, swahaba wa Mtume, alipopata ardhi ya Khaybar aliyoipenda kuliko mali zake zote, aliongozwa na Mtume kuizuia asili yake na kuyaachia matunda yake: ardhi isiuzwe, isitolewe zawadi, isirithiwe, lakini mavuno yawafikie wenye haja. Visima, mashamba ya minazi na nyumba nyingi za pwani ya Waswahili zimeishi chini ya hukumu hiyo. Sisemi kwamba bakuli la kaburini ni wakfu kwa mizani ya fikhi. Wanazuoni wengi hata kujenga juu ya kaburi hawakuridhii. Nasema mkono uliolipachika na mkono uliofunga wakfu ilifanya tendo la aina moja. Yote miwili inamwambia anayekuja baadaye: umechelewa kuuliza.

Kuna atakayepinga, na ana hoja. Atasema, kilichobaki kisiwani kimesalimika? Dola ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, Wabajuni waliporwa na kuuawa, wakapanda mashua kukimbilia Lamu na Mombasa. Baadaye Kismayo ilitawaliwa na watu walioona kubomoa makaburi ya mawalii kuwa ibada. Bakuli lililong'olewa likauzwa London lipo salama nyuma ya kioo. Lililobaki huenda limepasuliwa. Na atasema tena: mwenye njaa ana haki gani ya kufunga swali la bei? Yule mtu wa Madina aliuza bakuli lake la mwisho, na ikawa heri.

Hoja ya kwanza naikubali nusu. Bakuli lipo salama, ndiyo, lakini kaburi haliko kwenye kabati lile, wala jina la maiti. Kusema kitu kimeokolewa kunadai tuseme kwanza ni kitu gani. Kama ni kauri, imeokoka. Kama ni ushahidi kwamba fulani bin fulani alizikwa pale na watu wake wakamtolea kilicho bora, hicho kimekufa siku ya patasi, si siku ya nyundo ya mbomoaji.

Hoja ya pili ina jibu ndani ya kisa chake. Yule mtu aliulizwa ana nini, akakileta mwenyewe kwa mkono wake, kikauzwa mbele ya watu, na dirhamu zote mbili zikaingia nyumbani kwake. Umaskini haukumnyang'anya uwezo wa kuamua. Anayeng'oa bakuli katika kisiwa ambacho wenyewe wamekimbia vita hana hata moja kati ya hayo. Kwa hiyo mpaka ninaouona haupiti kati ya kuuza na kutouza. Unapita kati ya anayeuza huku angeweza kukataa, na anayeuziwa chake bila kuulizwa. Mercedes na yule mtu wa Madina, mmoja tajiri kupindukia na mwingine hana kitu, wako upande mmoja wa mpaka huo. Wabajuni waliwekwa upande wa pili.

Nao, tofauti na bakuli zao, walikuja kudaiwa ushahidi wa asili yao. Waliofika Uingereza kuomba hifadhi, wengi wao bila karatasi yoyote, waliulizwa maswali kuhusu visiwa vyao na kusikilizwa lahaja yao ili ijulikane kama kweli ni Wabajuni. Bakuli la kisiwa kilekile lingeweza kuingia nchini humo likiwa na risiti ya dalali mmoja. Mtu alitakiwa ataje mitaa, visima, koo na bahari yake, na akikosea jina moja asili yake inatiwa shaka.

Hata hivyo, katika mahojiano yale kuna jambo la kushika. Maarifa yaleyale, ya nani ni nani, wa ukoo upi, na nani kalala wapi, ndiyo yanayoweza kulitoa kaburi mezani kwa dalali. Kaburi lisilo na wa kulitaja ndilo linaloingia sokoni kwanza, maana patasi hutafuta kisicho na mwenyewe. Mzee aliyepigwa picha mwaka 1985 hakuwa na hati ya umiliki. Alikuwa na sura yake kando ya vigango vya nduguze, na hiyo ilitosha kuvidai kutoka Illinois na Virginia. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari la Wabajuni leo limetawanyika kati ya Kismayo, Mombasa na miji ya Ulaya, kwenye vichwa vya wazee wanaopungua. Wajukuu wao wana simu zenye kamera na vinasa sauti. Wakiandika sasa majina ya makaburi ya Koyama, Chovai na Chula, pamoja na ukoo wa kila mmoja, siku bakuli litakapotokea katika orodha ya mnada wowote watakuwa na la kumwambia dalali kabla hajainua nyundo: hili lina wenyewe, na hawajauliza bei.