Ni Mchezo Tu, Babu

Yako maswali ambayo sisi watu wazima huyakwepa kwa kumwambia mtoto aende akacheze. Mimi nililetewa swali la namna hiyo na mjukuu wangu tukiwa tayari tunacheza, kwa hiyo sikuwa na pa kumtuma. Aliniuliza, "Babu, mbona unanikataza, na huu ni mchezo tu?" Nilimjibu kwa ukali, naye akanyamaza. Lakini swali lenyewe halikunitoka moyoni, na ndilo lililonifanya niandike kurasa hizi.

Kwanza nieleze mchezo wenyewe, maana najua wapo watakaoshangaa. Mimi ni mpima ardhi mstaafu, ninaishi Mwanza. Miaka michache iliyopita binti yangu mmoja, ambaye anafanya kazi Uingereza, alimletea mtoto wa dada yake sanduku la Lego, vile vitofali vya plastiki vyenye vinundu juu na uwazi chini, vinavyoshikana vikibanwa. Vilikuwa vya mkono wa pili, vimechanganyika rangi na ukubwa, wala havikuwa na karatasi ya maelekezo. Mtoto alivichezea wiki mbili akavichoka. Mimi ndiye niliyebaki navyo. Majirani husema mzee amerudi utotoni, nami sibishani nao.

Ninachounda ni ndege. Huchukua vipimo vya ndege ya kweli, nikavigawanya, kisha nikatafuta vitofali vitakavyoikubali hesabu yangu. Kutoka kinundu hadi kinundu ni milimita 8. Kitofali cha kawaida kina kimo cha milimita 9.6, na vibao vyembamba vitatu vikipandana hulingana na kitofali kimoja. Basi vibao vitano vikipandana hufikia milimita 16, ambazo ni sawasawa na upana wa vinundu viwili. Hesabu hiyo ndogo ndiyo inayobeba kazi yote, kwa sababu hukuwezesha kulaza vitofali ubavu na bado vikashikana na vile vilivyosimama. Na bila kuvilaza ubavu huwezi kuupata uviringo wa bodi ya ndege kwa kutumia vipande vya pembe nne. Mabawa yanayoelekea nyuma hufungwa kwa vipande vya bawaba. Yaliyobaki ni subira.

Ndege yangu ya kwanza ya maana ilikuwa Super VC10 ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki. Ya kweli ilikuwa na urefu wa mita 52 na ushei. Yangu ina sentimita 52, yaani vinundu 65. Ndege hiyo injini zake zote nne zilikaa nyuma, mbili kila upande wa mkia, na hilo lilinitesa sana. Kila nilipoisimamisha, ilikalia mkia na kuinua pua juu kama mbwa anayeomba chakula. Mwishowe nikatia chubwi za mshipi wa kuvulia ndani ya pua, ikatulia.

Kwa nini ndege hiyo? Mjomba wangu alisafiri nayo kwenda London kusoma mwaka 1974, na picha yake aliyoileta ilitundikwa ukutani nyumbani kwetu Bukoba. Ilikuwa nyeupe, ndefu, mkia wake umesimama juu sana. Kwangu mimi ndege nzuri ilikuwa hiyo.

Ndege mbaya nayo niliijua. Mwezi Oktoba 1978, nikiwa na umri wa miaka tisa, ndege za kivita za Idi Amin aina ya MiG zilikuja kudondosha mabomu Bukoba. Vitabu vinaeleza kwamba uharibifu haukuwa mkubwa. Huenda ni kweli kwa anayehesabu nyumba. Mimi nakumbuka mlio wa bomu ulivyogonga vilima ukarudi tena, hata usijue limeangukia wapi, vioo vya madirisha vikivunjika, na mama yangu akitukokota watoto watatu kwa mikono yake miwili. Nilikuwa wa tatu; nilishika kanga yake. Siku zilizofuata watu walijitwika magodoro wakatoka mjini. Tangu hapo, hata leo nikiwa mtu mzima mwenye wajukuu, ndege ikipita chini kuliko kawaida mimi huacha ninachofanya mpaka ipite.

Sasa ndugu msomaji utaelewa ilivyokuwa mjukuu wangu, mwenye miaka kumi, alipokuja likizo, akatenga vipande vyote vya kijivu mezani, akaniambia, "Babu, nifundishe tuunde MiG-21." Alikuwa ameiona kwenye picha: mabawa ya pembetatu, na ile pua yenye tundu na ncha katikati. Nikamwambia hapana, katika nyumba hii hatuundi ndege ya vita. Hapo ndipo aliponiuliza swali lake. Nilipomkaripia alinyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa sauti ya chini, "Shuleni walituambia hata jeshi letu lilikuwa na MiG."

Ni kweli, lilikuwa nazo. Sikuwa na jibu.

Usiku ule nilijaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu. Nilisema, mtoto hujengwa na anachokichezea. Anayeshinda akiunda chombo cha kuua atazoea umbo lake, na kilichozoeleka hakitishi. Tena nikajikumbusha kwamba hata wenye Lego wanafikiri hivyo. Kampuni ile ilianzishwa mwaka 1932 na seremala mmoja wa mji wa Billund, Denmark, Ole Kirk Christiansen, na jina lake la mwaka 1934 limetokana na maneno ya Kidenishi yenye maana ya "cheza vizuri". Wana msimamo kwamba hawatengenezi mifano halisi ya silaha na zana za vita vya siku hizi. Mwaka 2020 walikuwa karibu kuuza mfano wa ndege ya V-22 Osprey, nao waliuvisha sura ya ndege ya uokoaji. Watetezi wa amani nchini Ujerumani wakapinga, wakisema ndege hiyo ya kweli ni ya kijeshi, iwe imepakwa rangi gani. Kampuni ikaiondoa kabla ya siku ya kuitoa madukani.

Nilifurahi kumpata shahidi huyo, lakini shahidi wangu alikuwa na mawili. Kampuni hiyohiyo ilitoa mfano wa Sopwith Camel mwaka 2001, ikautoa tena mwaka 2012, nayo ni ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza. Je, damu ikikauka miaka mia chombo kinakuwa safi? Au husafika waliolia wanapokwisha kufa wote? Kama ni hivyo, MiG yangu ya Bukoba inangoja tu mimi na wenzangu tuondoke.

Kisha kuna jambo la vitofali vyenyewe. Mtaalamu mmoja wa hesabu alikokotoa kwamba vitofali sita tu vya vinundu vinane, vya rangi moja, vinaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Aliyetengeneza vitu vya namna hiyo anaweza kuchagua atie picha gani kwenye sanduku, lakini hawezi kusimama mezani kwa kila mtu. Lawama au sifa ya kinachoundwa ni ya mikono inayokiunda.

Nikakumbuka pia jambo ambalo nilikuwa nimelifukia. Vita vilipokwisha mwaka 1979, sisi watoto wa Bukoba tulicheza vita mwaka mzima. Tulikata makuti ya migomba, tukachana vipande vilivyopiga kelele kama bunduki, tukagawana majeshi. Hakuna aliyekubali kuwa Amin, kwa hiyo tulimlazimisha mdogo kuliko wote. Mama alituona, naye ndiye aliyetukokota siku ile ya mabomu, lakini hakutukataza. Alichosema ni kwamba tusimpige yule mdogo. Sidhani tulikuwa tunazoea kuua. Nadhani tulikuwa tunakishika mkononi kitu kilichokuwa kimetushika sisi.

Lakini kilichonivunja nguvu kabisa ni VC10 yangu. Asubuhi yake niliitazama pale juu ya kabati, nikataka kujua nambari ya usajili niiandike ubavuni. Nikatafuta habari zake. Shirika la Afrika Mashariki lilikuwa na Super VC10 tano. Moja iliungua Addis Ababa Aprili 1972 iliposhindwa kuruka, watu 43 wakafa. Shirika lilipovunjika mwaka 1977, nne zilizobaki zilirudi Uingereza. Mmojawapo wa hizo nne ilikuwa yenye usajili wa Tanzania, 5H-MOG, ambayo ndiyo iliyokuwa ya mwisho kuundwa kati ya VC10 zote 54. Jeshi la Anga la Uingereza lilizichukua, likazitia matangi ndani na mipira ya kupitishia mafuta, zikawa ndege za kujazia mafuta ndege nyingine zikiwa angani. 5H-MOG ikaitwa ZA150. VC10 za kazi hiyo zilitumika katika Vita vya Ghuba mwaka 1991, zikizinywesha ndege zilizokwenda kudondosha mabomu. ZA150 ilitua kwa mara ya mwisho Septemba 2013.

Nilikaa muda mrefu na habari hiyo. Ile ndege nyeupe ya ukutani kwetu, ndege ya mjomba, ilikuwa imewanyonyesha ndugu zake MiG, kwa namna ya kusema. Mkia ni uleule, mabawa ni yaleyale. Huko Baghdad pengine palikuwa na mtoto wa miaka tisa aliyeshika vazi la mama yake. Nami nilikuwa nimeipanga kabatini kama kitu kisicho na doa, huku nikimkaripia mtoto kwa ajili ya vipande vya kijivu.

Basi nikaona kosa langu lilikuwa wapi. Nilidhani wema na ubaya vimo katika umbo, kwamba kuna maumbo ya kuruhusu na maumbo ya kukataza, na mtu akishika orodha yake vizuri amemaliza wajibu. Sasa nadhani wajibu wa anayeunda mfano wa kitu ni kukijua kitu hicho, na kutokuficha anachokijua. Mfano wowote huacha mengi: mimi mwenyewe niliacha magurudumu mawili kwa kukosa vipande. Kuacha kwa kukosa si uongo. Lakini kuacha kwa sababu ukweli unaharibu uzuri wa kabati, huo ni uongo, hata kama umetengenezwa kwa plastiki. Na kumkataza mtoto bila kumwambia sababu ni uongo wa jamaa hiyohiyo, kwa kuwa nilimnyima historia nikampa hasira peke yake.

Nilimwita jioni nikamwambia yote: mlio uliorudi kutoka vilimani, vioo, kanga ya mama. Nikamwambia pia kwamba Machi 1979 ndege ya Libya, iliyokuja kumsaidia Amin, iliukusudia mji wetu huu wa Mwanza, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane yakaua wanyama. Saanane anakijua, alipelekwa na shule kuona swala. Alisikiliza bila kutikisika. Mwishoni akauliza, "Wewe ulilia, babu?" Nikamwambia ndiyo. Kisha nikamwambia kama bado anataka kuunda MiG, nitamsaidia.

Bado alitaka. Tuliiunda kwa siku tatu, naye alinishinda katika kuipata ile ncha ya pua. Alipokwisha aliizungusha sebuleni akiigiza mlio wake kwa mdomo. Sitasema kwamba sikuumia. Niliumia, nikavumilia, na mara moja nilitoka nje. Sharti langu lilikuwa moja tu, kwamba asiirushe juu ya mtu. Baadaye nilitambua ni karibu sharti lile lile la mama yangu.

Siku ya nne aliivunja mwenyewe, kwa sababu alihitaji vipande vya kijivu kuundia lori. Hivyo ndivyo vitofali vilivyo. Havishikilii walichokuwa jana. VC10 yangu bado iko kabatini, maana sisi wazee si wepesi wa kuvunja. Lakini chini yake nimeweka kadi ndogo yenye nambari mbili, 5H-MOG na ZA150, na anayeniuliza kwa nini ndege moja ina nambari mbili humweleza.

Siwezi kusema nimelijibu swali la mjukuu kikamilifu. Iwapo kesho ataniomba tuunde nyumba ili MiG iibomoe, nadhani nitakataa, na sina hakika nitaweza kueleza mpaka uko wapi. Ninalolijua ni kwamba neno lile "tu" katika "mchezo tu" ndilo la kuangaliwa. Mchezo ni haki ya mtoto, na hata ya mzee. Ni hilo "tu" tusilopaswa kulipitisha bila kuuliza.