Utu Katika Usimamizi wa Kazi

Kila jamii iliyopata kufanya kazi kubwa ya pamoja imekabiliwa na swali hili: ni kitu gani hasa kinachoifikisha kazi hiyo mwisho wake? Wako wanaojibu kwamba ni mpango mzuri, yaani hesabu ya fedha, ratiba ya siku na mgawanyo wa zamu. Wako wanaojibu kwamba ni ujuzi wa fundi. Majibu hayo ni ya kweli, lakini hayatoshi. Katika insha hii tunakusudia kuonyesha kwamba ipo stadi ya tatu, nayo ni ile ya kuishi na watu: kusikiliza, kusema kwa adabu, kusuluhisha na kuaminika. Tena tunakusudia kuuliza kama stadi hiyo ni hila ya kuwafanya watu wachape kazi, au ni haki ambayo kila mfanyakazi anamdai msimamizi wake.

Na tuuchukue mfano wetu Wawi, jirani na mji wa Chake Chake, kisiwani Pemba. Hapo ndipo kilipo kiwanda kilichoendeshwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, cha kukamua mafuta ya makonyo, yaani vile vikonyo vinavyobaki baada ya karafuu kuchambuliwa. Makonyo hupitishwa mvuke, na mvuke ule ukipozwa hutoa mafuta yanayotumika katika dawa na manukato. Mgeni akikitazama kiwanda hicho hudhani kwamba kazi inaanzia penye moto na mitambo. Kwa hakika imeanza siku nyingi kabla, shambani, juu ya mkarafuu.

Msimu wa karafuu ni mradi katika maana kamili ya neno hilo. Una mwanzo na mwisho, una gharama, una watu wengi wa kazi mbalimbali, na una adui asiyesubiri, ambaye ni wakati. Karafuu huchumwa ikiwa bado tumba, rangi yake inapoanza kugeuka kutoka kijani kuelekea wekundu, kabla haijafunuka kuwa ua. Ikichelewa, thamani yake imekwisha potea. Ikisha kuchumwa huchambuliwa upesi, mara nyingi usiku ule ule, na watu wa nyumba nzima, wakubwa kwa wadogo. Kisha huanikwa juani kwa siku kadhaa, na wingu likitanda kila mwenye miguu hukimbilia majamvi. Asiyeitika siku hiyo huwatia hasarani wenzake wote.

Sasa tumtazame mchumaji. Yuko juu, ndani ya majani, na pakacha lake. Matawi ya mkarafuu ni mepesi kuvunjika, na tawi lililovunjwa leo ni karafuu zilizopotea miaka ijayo. Mchumaji hulipwa kwa kipimo cha alichokichuma, kwa hiyo haraka humfaidi yeye, na hasara ya tawi humwangukia mwenye shamba. Je, msimamizi aliyesimama chini anaona nini? Haoni ila majani yanayotikisika. Mpango wake wote, hata ukiwa umeandikwa vizuri namna gani, unafika mwisho penye shina la mti. Kutoka hapo kwenda juu hapana amri wala daftari. Iliyopo ni dhamiri ya mchumaji tu. Na dhamiri hiyo haiwezi kununuliwa kwa siku moja. Hujengwa na namna alivyoamkiwa asubuhi, alivyosikilizwa aliposema kwamba kamba imechakaa, na alivyoitwa kando, mbali na macho ya wenzake, alipokosea. Hali ya mchumaji ndiyo hali ya mwalimu darasani, ya muuguzi wa zamu ya usiku, na ya fundi anayechanganya zege kwa ajili ya ukuta utakaopakwa rangi.

Historia yetu inatupa ushahidi wa upande wa pili. Baada ya tufani ya mwaka 1872 kuiangusha mikarafuu mingi ya Unguja, Pemba ndiyo iliyobeba sehemu kubwa zaidi ya zao hili. Mashamba ya zama hizo yalilimwa kwa jasho la watumwa, na juu yao waliwekwa msimamizi, nokoa na kadamu, kila mmoja akiwa na daraja yake ya kuamrisha. Utumwa ulifutwa kisheria Unguja na Pemba mwaka 1897, lakini neno “msimamizi” tumebaki nalo hadi leo. Yafaa tujiulize ni mazoea gani yaliyobaki pamoja na neno hilo. Mtu anayeamini kwamba kazi haiendi bila makaripio, huyo ameurithi msamiati wa shamba la mtumwa pamoja na fikira zake.

Upande wa Bara nako swali hili lilijitokeza kwa nguvu. Mwaka 1971 chama cha TANU kilitoa Mwongozo, ambao katika ibara yake ya 15 uliwakanya viongozi dhidi ya majivuno, dharau na uonevu. Katika miaka miwili iliyofuata wafanyakazi wa viwanda kadhaa, hasa mjini Dar es Salaam, walisimamisha kazi huku wakiitaja ibara hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba malalamiko yao mengi hayakuhusu mshahara. Yalihusu matusi na jeuri ya mameneja. Mitambo ilikuwa mizima, malighafi ilikuwapo, na bado kazi ililala kwa sababu watu walidharauliwa. Anayedhani kwamba adabu ni pambo la kazi, na ayafikirie hayo.

Hata hivyo, hapa ndipo penye hatari. Siku hizi stadi za kuishi na watu hufundishwa katika semina kama mbinu miongoni mwa mbinu: tabasamu, mtaje mtu kwa jina lake, msifu kabla hujamkosoa. Kiswahili kimekwisha kutuonya kwamba maneno matamu humtoa nyoka pangoni. Tuseme msimamizi huwaita wachumaji “ndugu zangu”, lakini jioni anapopima hujaza pishi mpaka ifanye kilele, kisha hulipa kama kwamba ilikuwa ya kufuta. Vibaba vinne ndivyo pishi. Mchumaji aliyetoa zaidi ya hivyo anajua. Mbele ya pishi hiyo tamko la undugu limekuwa tusi, nalo linauma kuliko karipio, maana mwenye kukaripia hakudai kuwa rafiki.

Bei ya karafuu nayo imetufundisha somo hilo hilo. Kwa miaka mingi karafuu za Pemba zilivushwa kwa magendo hadi pwani ya Kenya, kwa kuwa bei aliyolipwa mkulima nyumbani ilikuwa ndogo. Zilifanywa doria, zikatolewa na hotuba za uzalendo, na magendo hayakukoma. Mwaka 2011 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilipandisha bei kwa kiasi kikubwa, kwa nia ya kumpa mkulima asilimia 80 ya bei ya soko la dunia, na karafuu nyingi zikarudi katika vituo vya Shirika. Wito wa uzalendo ulisikika vizuri zaidi ulipofuatana na kipimo cha haki.

Basi tunawezaje kuutambua utu wa kweli na kuutenga na hila? Tunapendekeza kipimo kimoja. Kila msimu wako wachumaji wanaoanguka mitini. Mtu aliyevunjika mguu hatachuma tena mwaka huo. Kwa hesabu ya mradi hana faida yoyote. Msimamizi ambaye wema wake ulikuwa chombo cha kuongezea mavuno hana tena sababu ya kuwa mwema kwake. Msimamizi mwenye utu humpeleka hospitali, humjulia hali, na humlipa haki yake yote ya siku zile alizochuma. Na wale waliobaki juu ya miti wanatazama. Utu huo utamletea msimamizi faida, nasi hatulikani hilo. Lakini utamletea kwa sababu hakuufanya kwa ajili ya faida.

Wala tusidhani kwamba utu ni ulegevu. Anayemwacha mvunja matawi aendelee kuvunja amewadhulumu wachumaji waangalifu pamoja na mwenye shamba. Kukataa, kurekebisha, hata kumwondoa mtu kazini, ni sehemu ya wajibu. Linalodaiwa ni kwamba sababu itajwe, mtu asikilizwe kabla ya kuhukumiwa, na sheria iwe moja kwa wote.

Jukumu la kuyafundisha haya liko mikononi mwa shule zetu. Mwanafunzi anapopewa usimamizi wa bustani ya shule au wa usafi wa darasa, mwalimu asimpime kwa matuta na sakafu peke yake. Amuulize pia ni nani aliyefanya kazi kubwa zaidi na kama alishukuriwa, ni nani aliyenung’unika na kama alisikilizwa. Kijana aliyezoea kujibu maswali hayo atakapokuja kukabidhiwa kiwanda, hospitali au wizara, atafahamu kwamba amekabidhiwa watu.