Jibu Sahihi la Sheria Iliyokufa

Palikuwa na mhandisi mmoja wa umeme, mkazi wa Virginia, aliyetamani kuwa wakala wa hataza. Marekani mlango huo hauhitaji shahada ya sheria. Mwenye elimu ya sayansi au uhandisi inayokubalika na mwenendo mwema, akifaulu mtihani wa Ofisi ya Hataza na Alama za Biashara, huandikishwa na kuruhusiwa kuwaandalia wavumbuzi maombi yao na kuyatetea mbele ya wakaguzi.

Mtihani wenyewe una maswali 100 ya kuchagua, 50 kwa kila kipindi cha saa 3. Kumi ni ya majaribio na hayahesabiwi. Katika 90 yanayobaki, mtahiniwa anatakiwa apate asilimia 70. Mwongozo wa wakaguzi, wenye maelfu ya kurasa, unaruhusiwa kufunguliwa kwenye kompyuta ya mtihani.

Mhandisi aliposikia habari ya mwongozo, alicheka. Mtihani wa kufungua kitabu ndio wa kumtisha? Akauweka kando, akajifungia na mitihani ya zamani ambayo ofisi hiyo iliitoa hadharani, ya mwisho ikiwa ya mwaka 2003. Aliikariri hata akawa anajua herufi ya jibu kabla ya kumaliza swali. Mwenzake wa kazini, aliyekwisha kuupita mtihani huo, alimwuliza jambo moja tu: "Hayo unayoyakariri ni ya sheria ipi?" Akajibiwa kwamba sheria ni sheria.

Siku ilipofika, likamjia swali analolijua. Mvumbuzi amebuni kifaa mwezi Januari. Machi, mtu mwingine aliyekibuni kivyake akachapisha makala kukihusu. Juni, mvumbuzi yule wa kwanza akawasilisha ombi. Je, makala inamzuia? Jibu la karatasi za zamani lilikuwa wazi: aape na kuleta ushahidi kwamba alitangulia kubuni, apite. Mhandisi akalichagua, akasonga mbele. Mwaka wa ombi uliandikwa palepale kwenye swali: 2019.

Bunge la Marekani lilibadili sheria mwaka 2011, na kuanzia tarehe 16 Machi 2013 haki ikahama kutoka kwa aliyetangulia kubuni kwenda kwa mvumbuzi aliyetangulia kuwasilisha ombi. Kwa ombi la 2019 kiapo kile hakimsaidii mtu. Makala inazuia, isipokuwa mvumbuzi mwenyewe awe ameutangaza uvumbuzi wake hadharani kabla yake, au makala iwe imetokana na kazi yake. Maombi ya kabla ya tarehe hiyo bado yanafuata sheria ya zamani, ndiyo maana tarehe ikawa nusu ya swali.

Maswali mageni nayo yakamkimbiza kwenye mwongozo. Muda ni chini ya dakika 4 kwa kila swali, naye hakujua hata sura ya kuanzia. Jioni skrini ikamwambia ameshindwa.

Kikulacho ki nguoni mwako. Yale asiyoyajua yalimchelewesha tu. Aliyoyajua sana ndiyo yaliyompotosha, kwa kuwa hakuona sababu ya kuyahoji. Basi anayejiandaa na aanze kila swali kwa kutafuta tarehe. Ausome mwongozo mapema, ajue kwamba masharti ya kustahili hataza yamo katika sura ya 2100 na uchunguzi wa maombi katika sura ya 700, ili siku ya mtihani aende kuthibitisha, si kutafuta. Na maswali ya zamani ayatumie kwa kuyabishia: jibu hili lingali hai? Ukurasa gani unasema hivyo?

Mhandisi aliambiwa angoje siku 30 kabla ya kurudia. Kushindwa kule kulikuwa msamaha mkubwa. Angefaulu na fikra ile, angemwambia mteja wake wa kwanza asiwe na haraka ya kuwasilisha ombi, maadamu alitangulia kubuni. Mtihani una marudio. Haki ya mvumbuzi iliyopotea kwa tarehe haina.