Tunashangilia Nini?

Jumamosi jioni, nikitoka kazini, hupenda kuangalia filamu za mapigano. John Wick, ya mwaka 2014, nimeirudia mara tatu. Keanu Reeves anaigiza mwanamume aliyefiwa na mke. Wahuni wanamwibia gari na kumuua mbwa mdogo aliyeachiwa na marehemu. Kuanzia hapo ni risasi tu, nami kwenye kochi nashangilia.

Juzi mama yangu, aliyekimbia vita Kivu, aliinuka kimya akaenda jikoni. Nikamfuata: “Mama, ni maigizo tu, na wale ni watu wabaya.” Akajibu: “Hata waliotufukuza kijijini walisema sisi ndio wabaya.”

Sisemi kuangalia filamu ni dhambi. Uchungu wa yule mfiwa tunauelewa, na kiu ya haki ni njema. Lakini mbwa anazikwa kwa heshima, huku walinzi wengi wakianguka bila jina wala wa kuwalilia. Methali 24:17 inatuonya tusifurahie anguko la adui. Je, onyo hilo linakoma tukiwasha televisheni? Mimi bado naangalia, ila kushangilia nimeacha.