Mcheza Kwao Hutuzwa? Maadili ya Tuzo za Fasihi na Kisa cha Wahome Mutahi

Methali isemayo "Mcheza kwao hutuzwa" hutajwa mara nyingi mintarafu ya tuzo za fasihi, lakini ni nadra kuzingatiwa maana yake ya asili. Katika ngoma, kutuza ni tendo la mtazamaji. Huinuka alipoketi, akamwendea mchezaji uwanjani na kumpa fedha, ngoma ikingali inalia. Mtoaji na mpokeaji huonana uso kwa uso, na wote waliohudhuria ni mashahidi. Tuzo za fasihi za siku hizi zina muundo mwingine: mchapishaji huwasilisha kitabu, jopo la waamuzi hukisoma faraghani, mdhamini akatoa hundi. Swali linalochunguzwa katika makala haya ni la kimaadili: je, tuzo ya namna hii humtukuza mwandishi, au humtukuza anayeitoa?

Kisa cha Wahome Mutahi, aliyezaliwa Nyeri mwaka wa 1954, kinalifafanua suala hili vizuri. Wasomaji wa magazeti walimjua kwa safu yake ya kejeli, "Whispers", ambayo mhusika wake mkuu alijinasibisha na miteremko ya Mlima Kenya. Mwaka wa 1986 Mutahi alikamatwa na kufungwa katika msako wa walioshukiwa kuhusiana na Mwakenya. Riwaya yake Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka wa 1991, inasawiri raia wanavyokamatwa na kuteswa kwa kushukiwa tu. Mwaka uliofuata ilipata Tuzo ya Fasihi ya Jomo Kenyatta, ile ile iliyomtuza Meja Mwangi, mzaliwa wa Nanyuki, mwaka wa 1974.

Yupo atakayeona unafiki hapa. Tuzo inabeba jina la rais wa kwanza, ambaye serikali yake ilimtia Ngũgĩ wa Thiong'o kizuizini mwaka wa 1977, nayo inatunukiwa kitabu kinacholaani uovu wa aina hiyo hiyo. Hata hivyo, hoja hii inasahau kwamba watoaji walikuwa wachapishaji, si dola. Mwaka wa 1992 utawala uliomfunga mwandishi ulikuwa ungali madarakani. Kukitunukia kitabu kama hicho hadharani kulikuwa sawa na kusema kwamba ushahidi wake unastahili kusomwa. Katika hali hiyo, tuzo ilifanana na ile ya uwanjani: mtoaji alijitokeza mbele za watu.

Lakini tuzo si fidia. Fidia hutolewa na aliyedhulumu, baada ya kukiri dhuluma yake. Tuzo hutolewa na aliyefurahishwa. Jamii inayochanganya mambo haya mawili hujidanganya kwamba imekwisha lipa deni. Wangari Maathai, msomi wa Nyeri, alipigwa na kutiwa korokoroni nchini mwake kabla ya kutunukiwa Tuzo ya Nobeli ya Amani mwaka wa 2004. Shangwe za mwaka huo hazikufuta yaliyotangulia.

Lipo pia suala la yale yasiyopimwa. Mutahi aliandika tamthilia za Kigĩkũyũ zilizoigizwa katika mabaa, mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio na kucheka papo hapo. Hao ndio waliomtuza kwa maana halisi ya methali. Tuzo ya Jomo Kenyatta, ambayo hutolewa kwa vitabu vilivyochapishwa, haikuwa na namna ya kuyapima maonyesho hayo. Baada ya kifo chake mwaka wa 2003, wachapishaji walianzisha tuzo yenye jina lake, nayo pia ni ya vitabu.

Hili si kosa la tuzo peke yake, kwani kila shindano halina budi kuwa na masharti. Kosa huanza pale masharti yanapogeuzwa kuwa kipimo cha thamani. Kijana wa Skuta, pale mjini Nyeri, anayetunga mchezo kwa lugha ya mama yake huambiwa na masharti hayo, bila ya mtu kutamka neno, kwamba kazi yake haimo katika hesabu. Na mhakiki anayeteua vitabu vya kufundisha kwa kufuata orodha ya washindi huwa amewaachia waamuzi kazi ya kusoma iliyokuwa yake.

Kwa upande mwingine, haitoshi kujibu kwamba chema chajiuza. Katika nchi ambamo maduka ya vitabu hutegemea zaidi vitabu vya shule, riwaya njema yaweza kukaa rafuni miaka bila ya kuguswa. Tuzo huitoa hapo na kuitia mikononi mwa msomaji, na hiyo ndiyo haki yake ya kuwapo. Mwamuzi wa maadili ya tuzo, basi, ni hali ya kitabu baada ya hafla. Kikisomwa, kikabishaniwa na kufundishwa, mwandishi ametukuzwa. Picha za magazeti zikipita nacho kikabaki rafuni, aliyetukuzwa ni mtoaji.